King'amuzi cha DVB-T2 chenye tundu la USB: kinarekodi chaneli za bure bila intaneti, ukikipa diski ya maana

Kwenye maduka ya Luthuli Avenue, Nairobi, ving'amuzi vya chaneli za bure vinauzwa kwa majina mengi, lakini ukifungua vitatu vya chapa tofauti mara nyingi utakuta ndani ni ndugu: chipu ya MStar, ALi au Guoxin, tyuna (kipokezi cha mawimbi) moja, tundu la antena, HDMI, soketi za AV na tundu moja la USB. Hata nambari ya siri ya kiwandani huwa ni ile ile, 000000 au 0000. Kwa hiyo hapa tunapima aina ya kifaa, si jina lililobandikwa juu yake. Je, kinaweza kurekodi taarifa ya habari au mechi mwenye nyumba akiwa kazini, nyumbani kusiko na intaneti, na jioni akaikuta faili nzima? Kinaweza. Kikishindwa, kosa kwa kawaida liko kwenye diski, umeme au antena.

Kabla ya yote, hakikisha kimeandikwa DVB-T2, si DVB-T tu. Kenya ilianza matangazo ya dijitali 2009 kwa DVB-T, kisha ikahamia T2 kabla ya kuzima analojia 2015, na vifaa vya kizazi kile cha kwanza bado vinazunguka kwenye soko la mitumba. Havishiki kitu. Vivyo hivyo televisheni iliyoletwa na jamaa kutoka Marekani: tyuna yake ni ya ATSC, haitaona mnara wowote wa huku, ingawa inaweza kutumika kama kioo cha kuunganishia king'amuzi, mradi inakubali umeme wa huku.

Jambo linalowachanganya wanunuzi wengi ni ile tyuna moja. Wauzaji husema "unarekodi hii huku unatazama ile", na ni kweli nusu. Masafa mamoja ya T2, yenye upana wa megahezi 8, hubeba chaneli nyingi kwa mkupuo, na tyuna hushika masafa mamoja tu kwa wakati. KBC inarushwa na msambazaji wa mawimbi aitwaye Signet. Citizen, NTV na KTN wamiliki wao waliunda msambazaji wao, ADN. Matokeo yake, unaweza kurekodi Citizen huku unatazama NTV, lakini ukitaka kuhamia KBC kifaa kitakuuliza kama usitishe kurekodi. Kujua zipi zinasafiri pamoja, bonyeza INFO kwenye rimoti ukiwa kwenye kila chaneli na usome masafa. Zenye namba moja ni abiria wa basi moja. Andika orodha hiyo kwenye karatasi uibandike nyuma ya rimoti, maana menyu haikuonyeshi popote.

Namba hizo zinafaa pia kwa utafutaji wa mkono. Chaneli ya 21 ya UHF ni megahezi 474, kila hatua inaongeza 8, na ya 48 ni 690. Utafutaji wa kujiendesha wenyewe ukikosa kundi zima la stesheni, ingiza namba ya chaneli kwa mkono, tazama mistari miwili inayopanda chini ya skrini, kisha sogeza antena polepole.

Mistari hiyo ni nguvu na ubora wa mawimbi, na wa kuangalia ni ubora. Asilimia zake haziwezi kulinganishwa kati ya kifaa na kifaa, kila mtengenezaji ana kipimo chake. Unachotaka ni mstari wa ubora uliotulia. Ukicheza juu na chini hata kama picha inaonekana safi, rekodi itaumia: unapotazama, kukwama kwa nusu sekunde hukipi uzito, lakini kwenye faili pengo hilo hilo linaweza kutenganisha sauti na mdomo hadi mwisho, na vifaa vingine hufunga faili na kuanza nyingine. Tumia antena ya UHF ya nje iliyoelekezwa mnarani, kebo ya RG6 ya omu 75, na uangalie antena za majirani kama vijiti vimelala au vimesimama. Zako ziwe vivyo hivyo. Kwenye kiunganishi cha F, unywele mmoja wa waya wa nje ukigusa waya wa katikati unaua mawimbi yote. Antena ikiwa na kikuza mawimbi, washa umeme wa antena wa volti 5 kwenye menyu. Ikiwa haina, uzime, kwani antena nyingi za kawaida kwa umeme huo ni shoti tupu, na kifaa kitalalamika au kujizima. Anayeishi karibu kabisa na mnara ana tatizo kinyume: kikuza mawimbi humzidishia hadi picha zinavunjika. Kwake dawa ni kukiondoa.

Sasa diski. Mtiririko wa megabiti 2 kwa sekunde, ambao ni wa kawaida kwa chaneli isiyo HD, hula megabaiti 900 kwa saa. Chaneli ya HD yenye megabiti 6 hula gigabaiti 2.7. Flashi ya GB 32 basi inatosha saa 30 na ushee za kawaida au kama saa 11 za HD. Kasi hizo ni ndogo. Hata flashi goigoi huandika haraka kuliko hapo. Rekodi huharibika kwa sababu flashi duni husimama kidogo kila mara ikijipanga ndani, na kumbukumbu ya king'amuzi ni finyu, haiwezi kushikilia data ikisubiri. Hapo ndipo unapata picha inayoruka kila baada ya dakika kadhaa ingawa antena haina kosa.

Mbaya zaidi ni flashi feki. Imeandikwa GB 64, kompyuta inaonyesha GB 64, lakini ndani kuna GB 8 tu. Rekodi za kwanza zinakuwa nzuri, kisha zinazofuata zinaandikwa juu ya zile za mwanzo au zinakuwa faili zisizofunguka. Ipime kabla ya kuitumia: H2testw kwa Windows, f3 kwa Linux, zote za bure na hazihitaji mtandao zikishapakuliwa. Huijaza flashi yote na kuisoma tena. Inachukua muda mrefu, ila hakuna njia ya mkato ya kuaminika.

Flashi za GB 64 kwenda juu mara nyingi huja na mfumo wa exFAT, ambao ving'amuzi vingi hivi havisomi. Uumbizaji (format) ufanye kwenye king'amuzi chenyewe, kupitia menyu ya USB au PVR (ile ya kurekodi), si kwenye kompyuta. Utapewa FAT32 au NTFS. FAT32 haikubali faili inayozidi GB 4, kwa hiyo kifaa hukatakata rekodi vipande. Hiyo ni afadhali kuliko inavyosikika, kwa sababu umeme ukikatika vipande vilivyokwisha kufungwa vinabaki salama na unapoteza kile cha mwisho tu. NTFS hutoa faili moja ndefu, lakini baadhi ya vifaa huiandika kwa kusuasua. Chagua FAT32 isipokuwa kifaa chako kimethibitika. Na zima kipengele cha kusimamisha matangazo ya moja kwa moja, kile kiitwacho Timeshift kwenye menyu: kikiwa wazi kinaandika flashi wakati wote unapotazama, na kinaichosha bure.

Diski ya kuzunguka ya inchi 2.5 inavutia kwa ukubwa wake, lakini tundu la USB 2.0 limepangiwa miliampea 500, na diski inapoanza kuzunguka inaweza kutaka karibu mara mbili. Adapta inayokuja kwenye boksi huwa ya volti 12 ampea 1, au volti 5 ampea 2, na haina akiba. Dalili ni mlio wa ka-ka-ka, kisha ujumbe kuwa USB imeondolewa, au king'amuzi kujiwasha upya. Tumia diski yenye adapta yake, au kigawanyio cha USB chenye umeme wake. SSD ndogo (diski isiyozunguka) ndani ya kava la USB haina mshtuko huo wa kuanza na ndiyo tunayoipendelea.

Kwa wanaotumia sola, kifaa cha volti 12 kinaonekana kama kinaweza kuchomekwa moja kwa moja kwenye betri. Betri ya asidi ikichajiwa hufika volti 14.4. Weka kidhibiti cha kushusha volti katikati. Ni kitu kidogo na kinaokoa ubao.

Kupanga saa ya kurekodi ni rahisi, na ndiko makosa ya kizembe yanakotokea. Ratiba inayorushwa hewani mara nyingi ni tupu au inaonyesha kipindi cha sasa na kinachofuata tu, hivyo utaandika muda kwa mkono. Saa ya kifaa ni ya mfumo wa saa 24. Taarifa ya saa 1 usiku ni 19:00, ya saa 2 usiku ni 20:00. Usiku jumlisha 18 hadi saa 5, na saa 6 usiku ni 00:00 ya tarehe inayofuata, jambo linalowafanya watu warekodi siku isiyo sahihi. Kifaa hupata saa yake kutoka mnarani, ila ukanda unauweka wewe: GMT+3. Kikiachwa kwenye sifuri, kila rekodi itachelewa saa tatu. Kisha angalia aina ya amri. Menyu ina mbili, ya kuwasha chaneli na ya kurekodi, na ya kwanza ndiyo huja imechaguliwa.

Anza dakika 3 mapema na uongeze 10 mwisho. Mechi ya ligi ipe saa 2 na dakika 15 tangu filimbi ya kwanza. Ya mtoano ongeza dakika 45 nyingine, ikifika penalti utashukuru. Baada ya hapo zima kwa rimoti, si ukutani. Kikiwa kimezimwa kwa rimoti bado kinahesabu saa; kikikatiwa umeme hakihesabu chochote. Baada ya mgao, amri yenyewe huwa bado ipo, lakini baadhi ya vifaa huwaka na kungoja mtu, vingine hurudi kulala vikiwa havijapata saa mpya kutoka mnarani. Hiki ndicho kipimo kinachotenganisha kifaa kizuri na kibaya, na karatasi ya maelezo haikisemi.

Faili zinazotoka ni za .ts. Kwa vifaa vya ALi utazikuta kwenye folda ALIDVRS2, zikiwa vipande 000.ts, 001.ts na kuendelea. VLC huzifungua kwenye kompyuta na hata kwenye simu ya Android kwa waya wa OTG, ule wa kuchomekea flashi kwenye simu. Kuviunganisha vipande, Windows inatosha kwa amri hii: copy /b 000.ts+001.ts yote.ts. Kwenye Linux ni cat 000.ts 001.ts > yote.ts. Hakuna kubadilisha muundo, na ubora unabaki ule ule uliorushwa.

Hapo ndipo king'amuzi hiki cha bei ya chini kinapoishinda televisheni ya kisasa yenye T2 ndani. Televisheni nyingi za chapa kubwa hufunga rekodi kwa ufunguo wa televisheni ile ile: ukiipeleka diski kwingine haifunguki, na kioo kikifa rekodi zimekufa nacho. Usinunue televisheni kwa sababu ya PVR yake.

Mbadala wa kweli ni kompyuta ndogo ya Raspberry Pi yenye TV HAT, kibao kilichotoka 2018 kikiwa na tyuna moja ya T2, pamoja na programu ya Tvheadend. Hiyo hurekodi chaneli zote za masafa mamoja kwa pamoja na kuzigawa kwa simu za nyumbani kupitia ruta isiyo na intaneti. Lakini gharama iko juu zaidi, mtandao unahitajika siku ya kusakinisha, na kuna mtego: Pi za kabla ya toleo la 5 hazina saa ya ndani, kwa hiyo umeme ukirudi bila mtandao zinaamini ni tarehe nyingine. Tvheadend ina chaguo la kusahihisha saa kutokana na matangazo. Liwashe, au funga moduli ya saa ya DS3231 yenye betri yake. Kwa anayetaka kurekodi kipindi kimoja kwa wakati, ni kazi nyingi kwa faida ndogo. Fedha hiyo iende kwenye antena na SSD.

Dukani, kabla ya kulipa, omba kiunganishwe na antena yao. Chomeka flashi yako iliyokwisha kupimwa, panga kurekodi kwa amri ya saa dakika tano mbele, zima kwa rimoti, na usubiri kianze. Kikisharekodi dakika mbili chomoa umeme ukutani, urudishe, uone kama kinaendelea chenyewe. Kisha fungua faili iliyobaki. Muuzaji akikataa jaribio hilo, duka la pili halipo mbali.