Boila imechoka? Kipi ununue kwa ruzuku ya Uingereza

Kabla ya kumwita fundi, ichungulie boila yako kwanza, yaani ule mtambo wa gesi unaopasha nyumba na maji. Tafuta kibomba chembamba cha plastiki kinachotiririsha maji kwenda kwenye bomba la maji machafu. Usipokiona, basi huenda ni ya kabla ya 2005, sheria ilipoanza kudai boila zinazovuna joto la mvuke wa moshi; mvuke huo ukipoa hugeuka maji, ndiyo hayo ya kwenye kibomba. Hizo za zamani hutupa nje karibu robo ya gesi unayolipia, na nyingine zina kimoto kinachowaka usiku na mchana hata wakati wa kiangazi.

Kwa mwenye nyumba England au Wales, mimi naanza na pampu ya joto ya hewa. Ruzuku ya serikali, kupitia mpango wa Boiler Upgrade Scheme, ni pauni 7,500 tangu Oktoba 2023 (awali ilikuwa 5,000), na VAT ni sifuri hadi Machi 2027. Ni friji iliyogeuzwa: hunyonya joto la nje na kulileta ndani, uniti moja ya umeme ikizaa karibu tatu za joto. Lakini uniti ya umeme huko ni ghali karibu mara nne ya gesi, kwa hiyo anayekuahidi kwamba bili itashuka nusu, muombe mahesabu. Wanaofaidi zaidi ni wanaochoma mafuta au wanaotumia hita za umeme. Ujue pia kwamba tangi la maji ya moto linataka nafasi; kwetu lilichukua kabati la mabegi ya safari, sasa yako chini ya kitanda.

Fundi wa kwanza niliyemwita alitaka nilipe yote, eti serikali itanirudishia. Uongo. Fundi mwenye cheti cha MCS (cha ubora wa mafundi wa mitambo hii) ndiye anayeomba Ofgem, mamlaka ya nishati inayoendesha mpango, na ruzuku inakatwa kwenye bei yako. Ankara isiyoonyesha makato hayo usiisaini.

Ya pili ni boila mpya ya gesi, ingawa mpango huu hauichangii hata senti. Ikikufia Januari na una watoto wadogo, huna muda wa kungoja michoro ya pampu. Mwambie fundi aweke maji ya kupasha nyumba kwenye nyuzi 60 au chini, maana ikichemsha hadi 75 haivuni mvuke vizuri na umelipia sifa usiyoitumia.

Pampu ya ardhini inapata 7,500 ileile, ila kuchimba kunameza pesa. Bila uwanja mkubwa, achana nayo. Boila ya kuni hupewa 5,000, vijijini tu pasipofika gesi, na majivu utayazoa wewe.

Walioko Scotland wana mpango wao, Home Energy Scotland: ruzuku ya kawaida hadi 7,500, na mkopo usio na riba hadi 7,500 juu yake. Huko unaomba mwenyewe, na fundi asiguse hata skrubu kabla hujapata barua ya kukubaliwa.