random na secrets: moduli mbili za Python kwa zoezi la namba za vocha

Karibu kila anayefundishwa Python hupewa mapema zoezi la kutengeneza mfuatano wa herufi za kubahatisha. Hapa Uganda matumizi yake yako karibu: vocha za Wi-Fi, kama zile zinazouzwa kwenye hosteli na vibanda vya Kampala. Moduli (mafaili ya msimbo ulioandikwa tayari) mbili zinazofanya kazi hiyo, random na secrets, huja na Python yenyewe. Hulipii kitu, na ukishasakinisha Python huhitaji bando tena. Hata kwenye simu, ndani ya Pydroid 3 (programu ya kuendeshea Python kwenye Android), zinaenda bila intaneti.

Kwa kujifunzia, random ndiyo bora. Ina njia nyingi, na kila njia inafundisha jambo. Anayeanza hukimbilia randint, inayotoa namba ya kubahatisha, ili achague nafasi kwenye orodha ya herufi, halafu programu inaanguka mara moja moja tu, jambo linalomchanganya. Sababu ni kwamba randint(0, 10) huhesabu na 10 yenyewe, wakati orodha ya vitu 10 inaishia nafasi ya 9. Ni afadhali kuanza moja kwa moja na random.choices(herufi, k=6), ambapo herufi ni alama za kuchagulia na k ni idadi unayotaka. Hiyo nayo hurudisha orodha, kwa hiyo kwenye skrini utaona ['K', '7', 'Q', 'T', '2', 'X'], mabano na koma zake zote. Iunganishe kwa "".join() upate K7QT2X.

Usichanganye choices na sample. Ya pili hairudii kilichokwisha kuchaguliwa, na wengi huipenda kwa kuwa matokeo yake yanaonekana "yamechanganyika zaidi". Kumbe inapunguza uwezekano: namba ya tarakimu 6 inayoruhusu marudio ina njia 1,000,000, bila marudio zinabaki 151,200. Ukiiomba tarakimu 12 kutoka kwenye 10 zilizopo, inagoma kwa ValueError.

Kosa linaloongoza kwa kupoteza muda wa darasa ni jina la faili. Mwanafunzi akihifadhi kazi yake kama random.py, mstari wa import random unaleta faili lake mwenyewe badala ya moduli, na ujumbe wa kosa unasema choices haipo. Badilisha jina la faili, yameisha.

Kwa vocha za kuuza, random haifai kabisa, na hapa hatuna sababu ya kuremba maneno. Ndani yake kuna Mersenne Twister, mashine ya hesabu iliyobuniwa na Makoto Matsumoto na Takuji Nishimura mwaka 1997. Ni ya kasi na inafaa michezo na majaribio, lakini haikujengwa kwa siri: anayepata matokeo yake 624 ya biti 32, yakiwa mfululizo, anaweza kukokotoa yote yanayofuata. Tena random.seed(7), yaani namba ya kuanzia hesabu, ambayo mwalimu huiweka ili kila mwanafunzi apate jibu lile lile, ikisahaulika kwenye programu itachapa vocha zile zile kila inapoendeshwa.

secrets huchukua ubahatishaji kutoka kwenye mfumo endeshi, wala haina seed. Zoezi zima linakuwa hivi:

import secrets
herufi = "ABCDEFGHJKLMNPQRSTUVWXYZ23456789"
vocha = "".join(secrets.choice(herufi) for _ in range(6))
print(vocha)

Tazama mstari wa pili. I, O, 0 na 1 zimeondolewa makusudi, kwa sababu mteja anayesoma karatasi ndogo iliyochapwa kwa wino hafifu atazichanganya, kisha atarudi kudai pesa yake. Zinabaki alama 32, na kwa nafasi 6 unapata njia 1,073,741,824. Linganisha na vocha ya tarakimu 4: njia ni 10,000 tu, na ukishatoa vocha kama 119 uwezekano wa mbili kufanana umeshafika nusu. Kwa vyovyote vile, weka zilizokwisha kutolewa kwenye set (mkusanyiko wa Python usiorudia kitu) na ukague kabla ya kuchapa, maana secrets haikuahidi kutorudia.

Ipo pia secrets.token_hex(8). Wengi hutegemea alama 8, wanapata 16, kwa kuwa 8 ni baiti na kila baiti huandikwa kwa alama mbili. Kwa vocha ya kuandikwa kwa mkono ni ndefu mno. Tokeni ya Yaka, umeme wa kulipia kabla wa hapa Uganda, ina tarakimu 20, lakini ile hubeba taarifa iliyosimbwa kwa ajili ya mita, kwa hiyo urefu wake una kazi.

Upungufu wa secrets ni kwamba haina choices, ndiyo maana lazima uandike mzunguko wa for. Kwa anayeanza, mstari ule wa join ni mzito kidogo. Uandike kwanza kwa mistari minne ya kawaida, ukishaelewa ufupishe.

Moduli ya secrets na choices ya random ziliingia Python 3.6. Kwa maabara ambazo kompyuta zake bado ni za Windows 7, sakinisha 3.8, toleo la mwisho linalokubali Windows hiyo. Yote yaliyotajwa hapa yanafanya kazi ndani yake.