Karate Katuba: nenda Jumamosi, Metre (mwalimu wetu) akiwepo

Nilimpeleka mtoto, nikabaki mimi. Mwanangu alichoka wiki ya tatu akarudia mpira wake. Mimi, fundi wa kushona mwenye miaka 43, bado nakwenda kwenye ua wa shule moja hapa Katuba, Lubumbashi: Jumanne na Alhamisi jioni, Jumamosi asubuhi. Ni dola 10 kwa mwezi, na faranga wanapokea. Kimono nilijishonea kwa kitambaa cha shuka. Haikuwapendeza, lakini hakuna aliyenirudisha nyumbani.

Sasa kilichoniuma. Jumanne na Alhamisi tunaachiwa vijana wa mkanda wa kahawia, na kazi yao ni kuhesabu tu. Ichi, ni, san, mpaka mia. Age-uke (kinga ya juu) mia, gedan-barai (kinga ya chini) mia, tunapigana na mbu. Hakuna anayepita kukutazama. Jumamosi Metre yupo, ila alikuwa upande wa wanaojiandaa na mtihani wa mkanda. Basi miezi miwili nilirudia kosa lilelile mpaka likawa langu.

Asubuhi moja ya Juni, na ile baridi yetu ya Lubumbashi, Metre akasimama mbele yangu na mpini wa ufagio. "Mama, jikinge." Akauleta polepole kabisa. Mkono wangu ulipanda, na bado mpini ukanifika kichwani, kwa sababu kigasha kilikuwa kimeshalala kwenye nywele. Akaingiza ngumi yake kati ya mkono wangu na paji la uso: nafasi ni hiyo, ngumi moja, na kigasha kiinamie upande wa kiwiko, pigo literereke kama mvua kwenye bati. Kosa la pili lilikuwa kifundo cha mkono. Ngumi inapanda kiganja kikikutazama wewe, inageuka mwishoni kabisa. Mimi niliigeuza tangu kiunoni. Akauliza, "Nyumbani hukamui nguo?"

Hapo nikaelewa kuliko hesabu zote za wale vijana. Ukikamua shuka, nguvu iko pale mwisho, unaposokota, na mikono yote miwili iko kazini. Mkono wangu wa pili ulikuwa unaning'inia kama mkoba, badala ya kurudi ubavuni kwa nguvu ileile.

Jirani yangu, papa mmoja mnene, yeye kwenye gedan-barai alifagia mpaka mkono ukapita mbali nje ya mwili, tumbo lote wazi. Ngumi inatakiwa isimame juu ya goti la mbele, basi. Na sote tulikuwa tunaitazama mikono yetu, si mtu aliye mbele. Metre anasema "uke" ya age-uke kwa Kijapani ni kupokea, ndiyo maana hukasirika tukirusha mikono kama tunafukuza kuku.

Siku hiyo tulikingana wawili wawili kwa mara ya kwanza. Vigasha viliniuma, siku mbili kusonga bukari ikawa adhabu.

Mengine: maji beba mwenyewe, choo hufungwa, na vumbi la kiangazi halitoki kwenye nyeupe. Wakileta ule ufagio na Jumanne, nitalipa hata dola 15. Mwanangu ameanza kuuliza kama anaweza kurudi. Nimemwambia Jumamosi tu.