Soksi za mgandamizo za chini ya goti, 23–32 mmHg: uzoefu wangu

Soksi hizi hubana mguu ili damu isilundikane chini na kuuvimbisha. Nazipa nyota nne kati ya tano, na ile moja niliyoinyima ni ya boksi, si ya soksi. Boksi limeandikwa kwa herufi kubwa "Daraja la 2", na hapo ndipo wanunuzi wengi hupotea. Daraja la 2 la Ujerumani, lenye alama ya ubora ya RAL, ni 23–32 mmHg (milimita za zebaki, kipimo cha nguvu ya kubana) kwenye kifundo cha mguu. Daraja la 2 la Uingereza ni 18–24. Soksi za Marekani mara nyingi hazitaji daraja kabisa, zinaandika 15–20, 20–30 au 30–40. Kwa hiyo daktari akikuandikia "daraja la 2" basi, mwombe aongeze milimita za zebaki. Muuzaji wa famasi akikupa ya Uingereza badala ya ya Ujerumani hajakudanganya, ila mguu utaendelea kuvimba na lawama zitaiangukia soksi.

Jambo jingine la famasi: zile soksi nyeupe zenye tundu karibu na vidole ni za mgonjwa aliyelala kitandani baada ya upasuaji, kuzuia damu isigande. Mgandamizo wake ni mdogo. Kwa mtu anayesimama dukani au darasani kutwa nzima, hazitoshi.

Kabla ya kununua, vipimo viwili. Cha kwanza ni altrasaundi ya doppla, inayoonyesha mwendo wa damu kwenye vena, yaani mishipa inayorudisha damu moyoni, na ifanywe umesimama. Mpimaji anaminya shavu la mguu kisha anaachia. Damu ikirudi chini kwa zaidi ya nusu sekunde kwenye vena za juu, vali, yaani kilango cha ndani ya vena kinachozuia damu isirudi chini, inavuja. Ukipimwa umelala chali, uvujaji unaweza usionekane na ukaambiwa huna tatizo. Cha pili ni cha ateri, mishipa inayopeleka damu mguuni: presha ya kifundo cha mguu hugawanywa kwa presha ya mkono. Ikiwa chini ya 0.8, soksi za nguvu hii zisubiri kauli ya daktari wa mishipa. Chini ya 0.5, hazivaliwi. Mwenye kisukari cha muda mrefu asifurahie haraka akiona 1.4, kwa sababu ateri zilizokakamaa hazikubali kubanwa na kipimo na hesabu hutoka kubwa ya uongo. Apimwe presha ya kidole gumba cha mguu. Na mguu mmoja ukivimba ghafla na kuuma, usitafute soksi. Nenda hospitali siku hiyohiyo, huenda damu imeganda kwenye vena ya ndani.

Kujipima saizi ni asubuhi, mguu haujajaa. Tumia futi kamba ya fundi cherehani. Pima mzunguko wa kifundo pale palipo pembamba kabisa, juu kidogo ya vile vifupa viwili. Kisha mzunguko wa shavu la mguu palipo panene. Kisha urefu kutoka sakafuni hadi kwenye mkunjo wa goti. Pima miguu yote miwili, mara nyingi hailingani. Kipimo cha kifundo ndicho kinachotawala. Usichague kwa namba ya kiatu, na usitumie jedwali la kampuni moja kununua soksi za kampuni nyingine.

Kuvaa ndiko kunakowashinda wengi. Geuza soksi nje-ndani mpaka kisiginoni, ingiza vidole na wayo, kalisha kisigino mahali pake sawasawa, ndipo upandishe sehemu iliyobaki kidogo kidogo kwa viganja. Usiivute kwa ukingo wa juu. Ukiivuta, kitambaa kingi hulundikana chini ya goti, sehemu ya kifundo hutanuka kupita kiasi, na mpangilio mzima wa mgandamizo, ambao unatakiwa kuwa mkubwa kifundoni na kupungua kadiri unavyopanda, huharibika. Ukingo ukae vidole viwili chini ya mkunjo wa goti. Ikizidi urefu, usikunje: tabaka mbili zinabana takriban maradufu, na hapo umejifunga kamba mguuni.

Glavu za mpira za kuoshea vyombo ni lazima, si anasa. Zinashika kitambaa na kuzuia kucha zisikichane. Kwa soksi zilizo wazi vidoleni, watu walizoea kuvaa mfuko wa rambo kwanza ili soksi iteleze, kisha wakauchomoa kwa mbele. Kenya ilipiga marufuku mifuko hiyo 2017 na Tanzania 2019, lakini kipande cha satini kinafanya kazi ileile, na hakipigi kelele.

Nilichagua zilizo wazi vidoleni kwa sababu ya joto la pwani, na kwa sababu unaiona rangi ya vidole. Bonyeza ukucha, achia. Wekundu urudi ndani ya sekunde mbili hivi. Vidole vikiwa vya buluu, vikifa ganzi au mguu ukiuma ukiwa umepumzika, vua.

Zivae mara unapoamka. Kama umeshatembea, lala miguu ikiwa juu ya usawa wa moyo kwa dakika 20 kwanza. Usiku vua, na mafuta ya ngozi pakaa wakati huo. Mafuta ya nazi au ya mgando ya asubuhi hulegeza nyuzi na kuifanya soksi iteleze. Fua kila siku kwa sabuni laini na maji ya uvuguvugu, bila Jiki wala dawa ya kulainisha nguo, kamulia ndani ya taulo, anika kivulini. Pea mbili za kubadilishana hudumu miezi sita hivi. Siku utakapoivaa bila jasho, ujue imekwisha.

Soksi hairekebishi vali. Inashusha uvimbe na uzito wa mguu, na kusaidia kidonda cha vena kipone, lakini vena inayovuja hutibiwa kwa kuchomwa kwa leza au mawimbi ya redio, kudungwa dawa ya povu, au upasuaji. Anayeuza soksi kama tiba ya kudumu anauza maneno.

Kwa matende siipendekezi soksi hii hata kidogo. Imefumwa kwa duara, kitambaa chembamba, na kwenye mguu wenye mikunjo huzama ndani ya mkunjo na kukata ngozi. Ukishindwa kufinya na kuinua ngozi ya juu ya kidole cha pili cha mguu, hiyo ni dalili ya uvimbe wa limfu, yaani majimaji ya mwili yanayokwama mguuni. Hapo panahitajika bandeji zisizonyumbuka sana, zifungwe na mtu aliyefunzwa hadi mguu upungue, ndipo ishonwe soksi nene ya kufumwa bapa (kitambaa tambarare kinachoungwa kwa mshono) kwa vipimo vya mguu huo. Kingatiba ya matende, dawa wanazogawiwa watu wa maeneo yenye ugonjwa huo, hupambana na minyoo inayouleta, uvimbe uliokwishajengeka hauondoi. Kuosha mguu kwa sabuni kila siku, kukausha katikati ya vidole na kutibu fangasi mapema hupunguza homa za mguu, na kila homa isiyotokea ni uvimbe ambao hautaongezeka.