Uzoefu wangu na xrandr, skrini ilipogoma kuvuka 1024x768

Katika zana zote nilizotumia kunyoosha mambo ya skrini kwenye Linux na FreeBSD, xrandr ndiyo ninayoiamini kuliko zote. Haina madirisha wala vitufe. Unafungua teminali, unaandika neno hilo moja, nayo inakuambia kompyuta inaona skrini ipi, kupitia tundu lipi, na kwa vipimo gani. Inatumia sehemu ya mfumo wa X, ule unaochora madirisha kwenye skrini, iitwayo RandR, kazi ya Jim Gettys na Keith Packard. Toleo la 1.2 la mwaka 2007 ndilo lililoturuhusu kuongeza skrini na kuipangia vipimo huku kazi zikiendelea. Zamani ilikuwa ni kuhariri xorg.conf, faili la mipangilio ya X, kuzima X, kuiwasha upya, na kusubiri kuona kama picha itatoka.

Kilichonifanya niandike haya ni monita ya 1920x1080 niliyoiunganisha kwa adapta ya kutoka HDMI kwenda VGA, kwa sababu tundu la HDMI la monita hiyo lilikuwa limeshikwa na kompyuta nyingine. Picha ilitoka, lakini herufi zilikuwa nene na zenye ukungu, na kila duara lilikuwa limevutwa likawa yai. Dirisha la mipangilio halikutoa chaguo lolote zaidi ya 1024x768. Hapo ndipo watu wengi huanza kusakinisha upya draiva, programu inayoendesha kadi ya picha, na wengine mfumo mzima. Nawasihi wasubiri kidogo.

Nilipoandika xrandr, chini ya HDMI-1 nilikuta vipimo vinne tu: 1024x768, 800x600, 848x480 na 640x480. Ukiona orodha fupi ya namna hii chini ya tundu lililoandikwa connected, mara nyingi draiva haina kosa. Ni dalili kwamba kompyuta imejua kuna kitu kimechomekwa, ila haijaambiwa ni kitu gani, kwa hiyo inatoa vipimo ambavyo karibu kila skrini duniani inavikubali.

Taarifa inayokosekana huitwa EDID. Ni kitambulisho cha skrini: kifurushi cha baiti 128, pengine na nyongeza, ambacho monita hukituma kikiwa na jina la mtengenezaji, ukubwa wake kwa sentimita na vipimo inavyovimudu. Utaratibu huo umekuwapo tangu 1994. Husafiri kwenye nyaya zake ndani ya kebo, mbali na zile zinazobeba picha, ndiyo maana picha inaweza kutoka vizuri huku kitambulisho kimepotelea njiani. Adapta dhaifu, swichi ya kuunganisha kompyuta mbili na skrini moja, au pini iliyopinda kwenye plagi ya VGA, yoyote kati ya hizo inatosha kukikata.

Kwenye Linux huhitaji kukisia. Kerneli, kiini cha mfumo, huweka EDID iliyoipokea ndani ya /sys, kwa hiyo nilipima:

cat /sys/class/drm/card0-HDMI-A-1/edid | wc -c

Jibu likawa sifuri. Ingekuwa salama ningepata 128 au 256. Angalia pia jina: kerneli inaliita tundu HDMI-A-1, wakati xrandr inaliita HDMI-1. Tofauti hii imewapotezea watu muda mwingi, maana ukikosea jina amri inakataa bila kukuonyesha jina sahihi. Kwenye baadhi ya mashine card0 huwa card1, basi orodhesha folda ya /sys/class/drm kwanza.

Nilipitia pia kumbukumbu za X. Faili hukaa /var/log/Xorg.0.log, au ~/.local/share/xorg/Xorg.0.log pale X inapoendeshwa bila mamlaka ya root, yaani msimamizi mkuu. Mistari yenye (EE) ni makosa, yenye (WW) ni maonyo. Mimi husoma (EE) kwanza. Hapakuwa na kosa hata moja la draiva, na hilo lilinitosha kuachana nayo.

Sasa tiba. Kama monita haiwezi kujitambulisha, unaitambulisha wewe. Amri ya cvt inakukokotolea namba:

cvt -r 1920 1080 60

Inarudisha mstari unaoanza na neno Modeline na jina la vipimo, kisha 138.50, ikifuatiwa na namba nane. Hiyo 138.50 ni megahezi, kasi ya kutuma pikseli. Namba nne zinazofuata ni za mlalo: pikseli 1920 zinazoonekana, kisha mwanzo na mwisho wa ishara ya kupanga mstari, kisha jumla ya mstari mzima, 2080. Nne za mwisho ni za wima kwa mpangilio uleule, zikiishia 1111. Zidisha 2080 kwa 1111, kisha gawanya megahezi hizo, yaani 138,500,000, kwa jibu lake, utapata karibu mara 60 kwa sekunde. Nimelieleza hili kwa urefu kwa sababu maelezo mengi yanakuambia unakili mstari tu, na mtu asiyejua namba zinasema nini hawezi kujua kwa nini skrini yake imekataa.

Ile -r ina maana yake. Bila hiyo, cvt inatoa megahezi 173 kwa vipimo vilevile, kwa kuwa inaacha nafasi tupu ndefu pembeni ya picha, nafasi ambayo skrini za kioo kinene zilihitaji ili mwale urudi mwanzo wa mstari. Skrini bapa haina mwale wa kurudisha. Adapta nyingi ndogo zinahimili 138.50 lakini zinalemewa na 173, kwa hiyo anza na -r.

Kisha amri tatu:

xrandr --newmode "1920x1080R" 138.50 1920 1968 2000 2080 1080 1083 1088 1111 +hsync -vsync
xrandr --addmode HDMI-1 1920x1080R
xrandr --output HDMI-1 --mode 1920x1080R; sleep 15; xrandr --output HDMI-1 --mode 1024x768

Ule mwisho wa amri ya tatu ni bima. Skrini ikizimika, sekunde 15 baadaye inarudi ilipokuwa bila wewe kugusa kitu. Ikikubali, rudia amri hiyo bila sleep na kinachofuata. Yangu ilikubali papo hapo, na maandishi yakawa makali kama yalivyopaswa.

Malalamiko yangu makubwa kwa xrandr ni kwamba haikumbuki chochote. Ukitoka kwenye akaunti, kazi yote imepotea. Ili idumu nililazimika kuandika faili ndani ya /etc/X11/xorg.conf.d, sehemu ya Monitor yenye Identifier "HDMI-1", mstari wa Modeline na chaguo la PreferredMode. Ingefaa sana kuwe na amri moja ya kuhifadhi. Kwa kupanga skrini mbili ubavuni, arandr inakupa picha za kuburuta na kuhifadhi mpangilio kama skripti, naipendekeza kwa yeyote asiyependa teminali.

Kabla hujajaribu lolote kati ya haya, andika echo $XDG_SESSION_TYPE. Ikijibu wayland, mfumo mpya unaochora skrini badala ya X, xrandr bado itaonyesha orodha, lakini haina mamlaka ya kubadilisha vipimo, kwa sababu inazungumza na X ya kuigiza iliyo ndani ya Wayland. Huko mwenye usemi ni mazingira ya eneokazi yenyewe: KDE ina kscreen-doctor, na mazingira kama Sway yanatumia wlr-randr. Lakini kwenye Linux ile hatua ya kupima EDID kwenye /sys inafanya kazi iwe ni X au Wayland, na kwa maoni yangu ndiyo yenye thamani kuliko zote.

Baadaye tundu la HDMI la monita lilipopata nafasi, niliondoa adapta na kuweka kebo ya moja kwa moja. EDID ikafika, baiti 256. Nikafuta faili langu la Modeline, maana vipimo vya kuandika kwa mkono havina kazi pale monita inapojieleza. Likabaki jambo moja: rangi zilipauka, nyeusi ikawa kijivu. Monita ilikuwa imejitambulisha kwa vipimo vya televisheni, na kwa kawaida ya televisheni rangi hutumwa kati ya 16 na 235 badala ya 0 hadi 255. Monita yenyewe ilikuwa inasubiri 0 hadi 255, kwa hiyo nyeusi ya 16 ikaonekana kijivu. Niliandika xrandr --prop ili nione draiva inaruhusu kubadilisha nini, nikakuta Broadcast RGB ikiwa Automatic. Majina ya vipengele hivi hutofautiana kati ya draiva na draiva, kwa hiyo soma orodha yako kabla ya kunakili yangu:

xrandr --output HDMI-1 --set "Broadcast RGB" "Full"

Nyeusi ikarudi kuwa nyeusi. Kwa kuwa hili nalo xrandr hailikumbuki, nimeliweka kwenye ~/.xprofile, na linajiendesha kila ninapoingia.