Kigumba kipi ununue kwa wapiti aliye hatua nne mbele yako

Septemba ya kwanza niliyowinda wapiti, aina ya kulungu mkubwa, kwa upinde huku Colorado, dume alinijia hadi hatua nne. Huo ndio mwezi wao wa kupandana. Dume akisikia mlio wa jike, hata kama unatoka kwenye kipande cha mpira kinywani mwa mtu, hushuka mlimani akivunja matawi, na wewe uliyechuchumaa nyuma ya msonobari unasikia harufu yake kabla hujamwona. Nilivuta upinde, nikaachia. Mshale uliingia begani kina cha kidole, ukavunjika, dume akaondoka na chuma changu mwilini. Nilimfuata siku mbili nisimpate. Mwongozo huu wa vigumba, yaani vichwa vya mshale vyenye makali, nauandika kwa sababu ya mnyama yule.

Wapiti, ambaye wengi huku Marekani humwita elki, ni mkubwa kuliko tandala na mdogo kuliko pofu. Dume aliyekomaa hupita kilo 300. Kule Eyasi, Mhadzabe akimpata mnyama mkubwa kwa mshale, sumu humalizia kazi. Colorado sheria inakataza sumu, kwa hiyo kazi yote ni ya makali: yapite mapafu yote mawili, na ikiwezekana yatokee upande wa pili.

Ukaribu ule niliuona kama zawadi. Nilichokuja kujifunza ni kwamba mshale ukitoka kwenye uzi hujipinda huku na huku kama mkunga majini, na manyoya ya mkiani huhitaji mita kadhaa kuunyoosha. Ukimfikia mnyama kabla haujanyooka, hugonga kimshazari, na nguvu iliyopaswa kwenda mbele inapotea pembeni. Kwa hiyo hapa nimepanga vigumba kwa kipimo kimoja: kipi kitazama ndani hata siku mambo hayakukaa sawa.

Nafasi ya 1: makali mawili, visivyofunguka, yaani makali yako wazi muda wote. Ncha yenyewe ni makali, hivyo kigumba kinaanza kukata pale pale kinapogusa ngozi. Chuma ni chembamba na kirefu, hakipati upinzani mkubwa, na kikikutana na ubavu hupasua na kuendelea. Iron Will ya hapa hapa Colorado hutumia chuma cha A2, kile kinachotengenezewa zana za kiwandani, na huongeza viwembe vidogo pembeni ili damu itoke zaidi. Ni ghali, kwa wengi wetu ni fedha ya kufikiria mara mbili. Magnus Stinger ni nafuu zaidi, na mimi nimeridhika nacho.

Ndani ya kundi hili kuna vilivyonolewa upande mmoja tu, kama patasi. Hivi hujizungusha vikiingia, na mzunguko huo hupasua mfupa badala ya kukwama ndani yake. Kabla hujalipa, hakikisha upande wa makali unakubaliana na mwelekeo wa manyoya yako: manyoya yanayozungusha mshale kulia yanataka makali ya kulia. Nimeona watu wakinunua kinyume, kisha wanalaumu kigumba. Upungufu wa kundi zima ni kwamba linafichua kila kasoro ya upinde. Usipoupanga vizuri, mshale utakwenda unakotaka wenyewe.

Nafasi ya 2: makali matatu, kipande kimoja. G5 Montec ndicho ninachompa anayeanza. Hakuna skrubu wala kiwembe cha kulegea, na unakinoa kwa kukilaza juu ya jiwe, makali mawili kwa pamoja. Tundu lake ni kubwa kidogo kuliko la makali mawili, na kwa kuzama kiko nyuma kidogo tu.

Nafasi ya 3: viwembe vya kubadilisha. Muzzy Trocar na Slick Trick vinapatikana kirahisi na vimewaangusha wapiti wengi. Viwembe ni vyembamba, ukishapiga, badilisha.

Nafasi ya 4: vya kufunguka, yaani makali hukunjwa hewani na hufunguka yakimgonga mnyama. Najua hapa nitapingwa. Vinaruka kama ncha ya mazoezi, na hufungua tundu la inchi 2, karibu milimita 51. Mnyama akikaa ubavu, mita 20, mshale ukapita katikati ya mbavu, vinafanya kazi safi. Lakini kufunguka kwenyewe kunakula nguvu, na makali mapana yanakula nyingine kila sentimita. Mshale ukigonga kimshazari au ukikutana na bega, hakuna akiba iliyobaki. Nilichotumia siku ile kilikuwa cha aina hii.

Ukishachagua kigumba, angalia uzito wa mshale mzima. Tuseme upinde wako unarusha mshale wa greini 420, yaani gramu 27, kwa mita 85 kwa sekunde. Panda hadi greini 550, karibu gramu 36, mwendo ushuke hadi mita 75. Nishati inabaki ile ile, takriban jouli 99, ila msukumo unaozamisha mshale (uzito mara mwendo) unaongezeka kwa asilimia 15 hivi. Na kwa mnyama aliye karibu, kushuka kwa mshale mzito hakukugharimu chochote. Daktari Ed Ashby, aliyeanza majaribio yake ya mishale Natal, Afrika Kusini, miaka ya 1980, alifika mbali zaidi: kwa mfupa mzito alipendekeza greini 650. Hata hivyo, kwenye orodha yake ya mambo yanayozamisha mshale, uzito hauko juu. La kwanza ni mshale usivunjike, la pili uruke umenyooka.

Hilo la pili linapimwa kwa karatasi. Itandaze kwenye fremu, simama mita 2 au 3, pitisha mshale. Tundu likiwa na mchaniko mrefu upande mmoja, mshale unaruka umepinda. Mpelekee fundi upinde kabla hujanunua kingine chochote.

Dukani, zungusha mshale kigumba kikiwa chini. Ncha ikiyumba, kirudishe. Colorado inataka upana usiopungua inchi 7/8, makali ya chuma mawili au zaidi, na upinde wenye nguvu ya kuvuta ya pauni 35 kwenda juu. Majimbo mengine yana yao, hasa kuhusu vya kufunguka, kwa hiyo soma kijitabu cha mwaka huu.

Upinde una pini za kulengea, kila moja kwa umbali wake. Na kwa hatua nne, pini ya karibu itakudanganya. Mshale huanza safari chini ya jicho lako, hivyo utagonga chini ya ulipolenga. Mimi hutumia pini ya yadi 40. Jaribu nyumbani kwa hatua mbili, tatu, nne na tano, uandike kila pini kwenye mkono wa upinde kwa kalamu isiyofutika.