Kipozaji Deepcool AK400, plastiki niliyoisahau na diski iliyoficha umri: uzoefu wangu

Ya kwanza kulaumiwa ilikuwa SSD, ile diski ya chipu ya kompyuta yangu ya gemu. Gemu ya mbio za magari ilienda vizuri kwa dakika kumi na tano hivi, kisha barabara ikaanza kuchelewa kutokea mbele ya gari, majengo yakabaki maboksi ya kijivu, na feni ikanguruma kama posho mili siku ya soko. Mdogo wangu, aliyekuwa amekaa kitandani akisubiri zamu yake, akatoa hukumu: "Kaka, hapo umeuziwa diski feki." Nikamkubalia haraka. Ukilaumu duka huna haja ya kujiuliza wewe ulifanya nini.

Mashine yenyewe niliiunga kwa mikono yangu hapa Umoja, Nairobi, chumba cha ghorofa ya juu kabisa, ambako Februari zege la paa hupikwa mchana kutwa likakurudishia joto usiku. Vipande nilivikusanya kwa miezi saba, mshahara hadi mshahara: prosesa Ryzen 5 5600, mazabodi (bodi kuu) ya B550, RAM ya GB 16, kadi ya grafiki RTX 3060 ya mkono wa pili, SSD ya NVMe (aina inayochomekwa moja kwa moja kwenye mazabodi) ya TB 1, diski ngumu ya TB 2 ya kuwekea video na gemu za zamani, na kasha lenye kioo mbele na taa za rangi. Hilo kasha nitalirudia. Kipozaji cha prosesa kilikuwa kile cha bure kinachokuja ndani ya boksi la AMD: kifupi, feni moja, kipande cha alumini, basi.

Baada ya wiki mbili za kufuta Windows na kuiweka upya (kazi ya bure kabisa, ila inakupa raha ya kujiona unafanya kitu) ndipo nikafanya jambo la maana, nikapima. Programu ya HWiNFO hailipishwi, na inakuonyesha joto la kila kiungo ndani ya mashine. Niliiacha wazi nikacheza nusu saa. Prosesa ilikuwa nyuzi 90, ambazo ndizo ukomo AMD wenyewe waliouweka kwa 5600. SSD ilikuwa nyuzi 84. Kadi ya grafiki, ambayo niliishuku kwa kuwa sijui ilikotoka, ilikuwa 74, imetulia kama mzee barazani.

Wengi tunadhani kompyuta ikipata joto itazima. Za siku hizi hazikimbilii kuzima, zinajipunguza. Prosesa inashusha kasi yake hatua kwa hatua ili isivuke ukomo. SSD za NVMe nazo, nyingi zikifika mahali fulani kati ya nyuzi 70 na 85 kutegemea aina, zinapunguza kusoma na kuandika ili chipu inayoziendesha isiungue. Kwa hiyo barabara yangu haikuchelewa kwa sababu SSD ni feki. Ilichelewa kwa sababu SSD imeshikwa na joto na inatembea badala ya kukimbia.

Jumamosi nikashuka Luthuli Avenue kutafuta kipozaji. Deepcool AK400 niliipata kwa shilingi 5,500 baada ya kubembelezana kutoka 6,000. Ni mnara mmoja wa mapezi ya alumini, mirija minne ya shaba inayogusa prosesa moja kwa moja, na feni ya milimita 120. Kimo chake ni milimita 155, kwa hiyo pima kasha lako kabla ya kutoa pesa. Kuna makasha membamba ambayo ukifunga hiki, mlango wa pembeni haurudi.

Kukifunga si kazi ngumu, kazi ilikuwa kutoa kile cha zamani. Pesti ya prosesa, ile inayopakwa kati yake na kipozaji, ilikuwa imekauka ikawa gundi. Mimi nikakivuta juu kama mtu anayefungua sufuria ya ugali, na prosesa nzima ikang'oka kwenye soketi ikaja nayo. Kwenye soketi ya AM4 miguu iko upande wa prosesa, 1,331, mmoja ukivunjika umelia. Miwili ilikuwa imeinama. Niliinyoosha kwa ukingo wa kadi ya benki huku mdogo wangu akinimulikia tochi ya simu, hakuna aliyepumua. Ninavyojua sasa: washa mashine kwanza, icheze dakika kumi pesti ipate joto, zima, chomoa stima, halafu zungusha kipozaji kushoto na kulia taratibu mpaka kiachie. Na ulaze kasha chini, kwa sababu ukifungua skrubu nne, bati la nyuma ya mazabodi halishikwi na kitu tena, linadondoka. Langu lilidondoka.

Matokeo? Prosesa kutoka nyuzi 90 hadi 73, gemu ile ile, chumba kile kile. Kelele ilipungua hata mama wa jirani aliuliza kama tumeuza ile mashine. Kwa upande huo AK400 ilinilipa pesa yangu siku ya kwanza.

SSD ikashuka kutoka 84 hadi 82.

Hapo ndipo nikakuna kichwa. Mazabodi ina kibati cha kupoza SSD, nami nilikifunga tangu mwanzo. Nikafunga mashine kwa blanketi, nikalipa viti viwili vya matatu, nikaipeleka kwa fundi mmoja mjini, mzee wa makamo ambaye kibanda chake kiko ghorofani mahali ambapo ukipita haraka hukioni. Anatoza shilingi 500 za kuangalia, ukiafiki akutengenezee anazitoa kwenye bei. Sijaona utaratibu wa haki kuliko huo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba kijana. Inasumbua wapi?"

Nikamweleza kwa kirefu, na takwimu. Alinisikiliza akifungua skrubu moja ndogo. Akainua kile kibati, akakigeuza, akachomoa kwa kucha ngozi nyembamba ya plastiki ya buluu iliyokuwa juu ya ule mpira laini unaotakiwa kugusana na SSD. Akaniwekea kiganjani kama mtu anayerudisha chenji.

"Hii uliifunga lini?"

"Novemba, mzee."

Hakucheka, na nilimshukuru kwa hilo. Ule mpira kazi yake ni kujaza mwanya kati ya chipu na bati ili joto lipite. Plastiki ikibaki, mpira haushiki chipu, na joto linakosa njia. Nilikuwa nimeivisha SSD koti la mvua nikashangaa inatoka jasho. Tulipowasha na kuipa kazi ya kunakili faili kubwa, ilifika nyuzi 64 ikasimama hapo.

Kisha akauliza swali ambalo sikuwa nalo jibu: "Na hewa inaingilia wapi?" Nikaonyesha feni mbili za mbele, nyuma ya kioo. Akachana kipande cha tishu, akakisogeza kwenye feni. Kikapeperuka kuelekea nje. Feni zangu za mbele zilikuwa zinatoa hewa, na ya nyuma inatoa pia, kwa hiyo kasha zima lilikuwa linajinyima pumzi. Kanuni ni rahisi: upande wa feni wenye ile fito ya kushikilia mota ndio upande hewa inakotokea. Mimi nilikuwa nimeuelekeza upande huo mbele.

Kile kioo chenyewe kinaacha mwanya wa kidole kimoja tu pembeni. Nilikitoa. Mahali pake nimekaza wavu wa dirisha, ule wa kuzuia mbu, kwa gundi ya moto. Si mapambo, lakini vumbi la Umoja linabaki kwenye wavu na hewa inapita. Ninaupangusa kila wiki mbili, na kila mara nashangaa. Prosesa sasa inacheza kwenye nyuzi 67, SSD haivuki 59.

Jambo moja ambalo video za kutoka Marekani na Ulaya hazikwambii: Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Hewa yetu, joto likiwa lile lile, ni nyembamba kwa takriban sehemu moja ya tano kuliko ya usawa wa bahari, kwa hiyo feni ikizunguka mara ile ile inabeba hewa kidogo zaidi kwa uzito, na joto kidogo zaidi. Ukiona mtu wa nchi ya mwambao anajisifu kwa nyuzi fulani na wewe umezidi kidogo kwa kifaa hicho hicho, usikimbilie kurudisha mali.

Basi nikajiona bingwa, nikanunua SSD ya pili ya GB 500 nikaichomeka kwenye sloti ya pili ya mazabodi. Kuwasha, diski ngumu ya TB 2 haipo. Windows haiioni, BIOS (programu ya mazabodi inayotangulia Windows) haiioni. Nikanunua kebo mpya ya SATA, ile inayounganisha diski na mazabodi, haikusaidia. Nilikuwa karibu kuilaumu stima, maana wiki hiyo tokeni zilikuwa zimeisha katikati ya kunakili folda kubwa, mashine ikazima pu, na baadaye faili kadhaa hazikufunguka mpaka nilipoendesha chkdsk, programu ya Windows ya kurekebisha makosa ya diski. (UPS ndogo, betri ya kushikilia mashine stima ikipotea, nimeinunua baada ya hapo. Haikufanyi ucheze gizani, inakupa dakika za kufunga kazi na kumtuma mtoto wa jirani tokeni.)

Jibu lilikuwa kwenye kijitabu cha mazabodi, nilichokuwa nimekitumia kuegemeza meza. Kwenye mazabodi nyingi za B550, sloti ya pili ya M.2 (ile ya kuchomeka SSD) inagawana njia na milango miwili ya SATA. Yangu inasema ukitumia sloti hiyo, SATA 5 na 6 zinafungwa. Diski ilikuwa kwenye 5. Nikaihamisha kwenye 2, ikarudi.

Kwa kuwa sasa nilikuwa na tabia ya kupima, nikafungua CrystalDiskInfo, programu inayosoma afya ya diski, kuisalimia. Namba ya C7, inayopanda kebo ikiwa mbovu, ilikuwa sifuri, maana yake ile kebo mpya niliinunua bure. Lakini mstari wa saa ambazo diski imewashwa ulisomeka 31,240. Niliinunua ikiwa "mpya, imefungwa" miezi minne kabla. Saa 31,240 ni miaka mitatu na nusu bila kulala. Diski ya namna hiyo imetoka kwenye mashine ya kamera za ulinzi au kwenye seva, ikapanguswa, ikatiwa mfuko mpya.

Nikarudi dukani na picha ya skrini na ujumbe wa M-Pesa. Duka silitaji.

"Boss wangu, mali ikiuzwa hairudi," akanionyesha karatasi ukutani.

"Ndugu yangu, hiyo karatasi inahusu mtu aliyebadilisha mawazo. Mimi ulinambia ni mpya."

Akasema programu za bure hudanganya. Nikamwomba tuichomeke kwenye kompyuta yake mwenyewe. Ikasoma 31,240 vilevile, wateja wawili wakisubiri nyuma yangu wakiangalia. Nilimtajia Kifungu cha 46 cha Katiba, kinachompa mnunuzi haki ya bidhaa ya ubora unaofaa na habari anazohitaji ili anufaike nayo, ila kusema kweli nadhani ni wale wateja wawili waliomlainisha. Alinibadilishia, baada ya kunizungusha saa nzima na kutaka niongeze 800. Sikuongeza.

Hii nyingine niliipima pale pale kaunta kabla ya kusaini chochote. Na hata kusoma saa peke yake hakutoshi, kwa sababu zinaweza kufutwa. Mwanzoni mwa 2025 huko Ujerumani zilijitokeza diski za Seagate zilizokwisha kutumika, wauzaji wakizipitisha kama mpya na saa zikiwa zimerudishwa sifuri. Zilifichuliwa na kumbukumbu nyingine ya ndani iitwayo FARM, ambayo programu ya smartmontools inaweza kuisoma. Yangu ni ya kampuni hiyo, kwa hiyo jioni ile nikaisoma pia. Hesabu mbili zikalingana.

Kwa hiyo, tathmini. AK400: ningeinunua tena kesho, kwa mtu mwenye prosesa ya namna ya 5600 na chumba chenye joto. Kama unakaa mahali pa baridi kama Limuru na kasha lako linapumua, ile feni ya bure itakutosha, pesa yako nunulia UPS. Fundi wa 500: tano kati ya tano, na nimeshampelekea watu watatu. Kasha la kioo: zuri kwa picha. Duka la diski: sirudi, hata kama wana ofa.

Diski yenyewe iko hapa mezani inafanya kazi. Nimeichungulia sasa hivi nikiandika: saa 412, zote zangu.